Mwalimu Aliyesubiri Jibu

Kila mtu mzima wa kijiji chetu alikuwa amegombana na Mwalimu wa Darasa la Kwanza walau mara moja. Katekista aligombana naye kwa sababu ya mbuzi aliyekula maharage yake. Mwenye duka aligombana naye kwa sababu ya mizani. Balozi wa nyumba kumi aligombana naye kwa sababu ambayo wote wawili walikuwa wameisahau, ila waliendelea kuiheshimu. Akipita njiani na mwavuli wake mweusi, wanaume waliokuwa wamekaa wakiongea walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nyumbani.

Nimesoma maandishi mengi juu ya walimu wa zamani, na karibu yote yanasema walikuwa wapole. Wangu hakuwa mpole. Nalisema hili mapema ili msomaji anayetafuta mtakatifu asipoteze muda wake. Mimi nina mwanamke mmoja tu, mnene kiasi, mwenye mdomo, aliyefundisha watoto kusoma na kuandika kwenye milima ya Kasulu, upande wa kwenda Manyovu, miaka ya sabini.

Kwa watoto sauti yake ilibadilika. Labda aliibadilisha pale mlangoni, alipobadilishia viatu. Alikuja shuleni na mabuti ya mpira, maana udongo wetu mwekundu ukilowa haumwachi mtu aende zake, na ndani ya kikapu alibeba viatu vyekundu vya kisigino. Mlangoni alikaa juu ya jiwe, akavua mabuti, akapangusa miguu kwa jani la mgomba, akavaa vile vyekundu, ndipo akasimama. Mwalimu Mkuu, mtu mwembamba aliyependa kila kitu kilingane na kingine, alimwuliza siku moja kama huo ndio ujamaa.

"Mwalimu Mkuu," akamjibu, "hawa watoto, mtu wa kwanza wa serikali wanayemwona ni mimi. Waache waone viatu."

Aliimba vibaya, na hakuna aliyethubutu kumwambia, kwa hiyo kizazi kizima cha kijiji chetu kinaimba nyimbo za shule kwa sauti ambazo hazipo popote pengine nchini. Hesabu alifundisha kwa maharage. Kujumlisha kulikwenda polepole, lakini somo la kutoa liliishia chunguni, nasi tulilielewa kwa tumbo. Mpaka leo nikiona alama ya kutoa nasikia njaa.

Mimi nilikuwa msemaji. Nilisema mwalimu akifundisha, nilisema wenzangu wakisoma, na kama hakukuwa na wa kusema naye nilisema na ukuta. Aliniita Mheshimiwa. Siku ya pili ya mwaka alinishika bega, akanipeleka dawati la nyuma, akaniweka karibu na msichana mmoja aliyeitwa Spesioza. "Huyu hana maneno," alisema, "na wewe umezidisha. Kaeni pamoja tuone kama yatamwagikia upande wa pili." Hayakumwagika. Spesioza hakuwa amesema neno lolote tangu alipofika kijijini.

Mwaka ule darasa letu lilikuwa limejaa ghafla. Watu walikuwa wamevuka mpaka kutoka Burundi wakikimbia mauaji, na wengi walifikia kwa ndugu na jamaa katika vijiji vyetu. Lugha haikutusumbua, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu wanaoelewana hata wakinuniana. Tofauti ilikuwa kwingine. Sisi tulitazama ubao, au dirisha ikiwa ni mimi. Wale wenzetu walitazama mlango. Herufi waliyoijua jana, leo ilikuwa imetoweka. Dasta ikianguka nyuma yao waliruka kama waliochomwa. Mwalimu Mkuu alikuwa na maelezo yake, aliyoyatoa kwa masikitiko: "Hawa ni wazito wa kichwa." Kijijini wengine walisema ni kurogwa, na wengine wakasema ni muhogo.

Baadaye sana taifa lilinisomesha chuo kikuu, nami nikaandika insha ndefu juu ya hofu na ubongo wa mtoto, yenye maneno ambayo leo hata mimi mwenyewe siyaelewi. Nikiyaondoa, kinachobaki ni kidogo na kinaeleweka. Ubongo wa mtoto bado unajengwa, na unajijenga kufuatana na mahali anapoishi. Mtoto aliyekaa penye hatari, ubongo wake huisomea hatari kwa bidii, kama mwanafunzi anayetaka kuwa wa kwanza. Huwa macho wakati wa kulala. Husikiliza nyayo za nje wakati wa kumsikiliza mwalimu. Mwili hubaki umejiandaa kukimbia hata pale ambapo wa kukimbiwa hayupo, na herufi na maneno husimama nje kama wageni ambao hawajakaribishwa. Wenzetu walikuwa na vichwa vilivyofanya kazi kupita vyetu, ila kazi ile haikuwa ubaoni. Na kinachoweza kuugeuza ubongo kama huo, kadiri ninavyojua, ni mtu mzima yule yule, akifanya jambo lile lile, kesho na keshokutwa, mpaka mwili wa mtoto uamini.

Mtu asidhani kwamba Mwalimu wa Darasa la Kwanza alizaliwa anajua haya. Kwa Yohana alikosea waziwazi. Yohana alilala darasani kila asubuhi. Mwalimu alimsimamisha, naye akalala amesimama, jambo lililotufanya sisi wengine tumheshimu sana. Mwisho Mwalimu alimwita babu yake, akiwa amekwisha kunja mikono ya gauni tayari kwa ugomvi.

"Mtoto huyu halali nyumbani?" alimwuliza.

"Halali, Mwalimu," mzee akasema. "Anakaa nyuma ya mlango mpaka jogoo. Nikimwambia mjukuu wangu, lala, ananiambia, babu, lala wewe, mimi nalinda."

Ndiyo mara pekee niliyoona mtu mzima akitoka mbele ya yule mama bila kujeruhiwa. Kesho yake Mwalimu alikuja na kirago chini ya kwapa, akakitandika pembeni, akamwambia Yohana: "Hapa nalinda mimi. Wewe lala." Yohana akalala mpaka mapumziko, siku baada ya siku. Kijiji kilicheka. Penye maji wanawake walimwambia kwamba sasa kuna shule ya kusoma na shule ya kulala.

"Wangu akiamka atasoma," Mwalimu alimjibu mmoja wao. "Wako yuko macho tangu Januari na bado anashika kitabu juu chini." Wangu hapo ilikuwa Yohana. Wako ilikuwa mimi. Aliyekuwa akicheka ni mama yangu mzazi.

Tatizo kubwa lilikuwa kengele. Ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mkaratusi, ikigongwa kwa kipande cha chuma. Ilipolia, wenzetu wote kutoka ng'ambo waliingia chini ya madawati. Mwanzoni tulidhani ni mchezo, nasi tukaingia. Mimi niliendelea kuingia hata baada ya kuambiwa si mchezo, kwa sababu asubuhi zetu zina baridi na chini kule kulikuwa na joto la watu.

Shangazi yake Spesioza ndiye aliyeeleza. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyelima shamba la kupewa na jamaa, na aliongea akitazama jembe lake. "Kule kwetu kengele iligongwa mchana, watu wakaitwa wakusanyike," alisema. "Baba yake alikwenda. Alikuwa mtu wa kuitika haraka." Akakwangua udongo kwenye jembe, akaongeza, "Mtoto alikuwa amemshika mkono mpaka barabarani."

Siku ile Mwalimu wetu alikwenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na mabishano yao yalisikika mpaka Darasa la Saba. Yalichukua siku kadhaa. Mwishowe yule bwana alichoka, akakubali rimu ishushwe mradi kipatikane kitu kingine cha kuita watoto. Mwalimu akapata wazo ambalo lilimfurahisha sana. Hawa ni watoto wa Burundi, alisema, na nani asiyejua Warundi na ngoma? Akapatana na balozi, akaazima ngoma, na asubuhi iliyofuata akaipiga mwenyewe, akiwa ndani ya viatu vyekundu, kwa nguvu zake zote.

Hakuna mtoto aliyeingia chini ya dawati. Lakini kabla hatujamaliza kupanga mistari, uwanja ulianza kujaa watu wazima wenye majembe. Ngoma ile ndiyo iliyoita kijiji kwenda shamba la ujamaa. Walikuja wanawake na watoto mgongoni. Alikuja katekista. Alikuja hata mwenye duka, ambaye shamba la kijiji alikuwa akilijua kwa kusimuliwa. Mwenyekiti wa kijiji alifika akihema, akiuliza nani ametoa amri.

Mtu mwingine angeomba radhi. Yeye aliwatazama wote, akatazama majembe, akasema: "Kwa kuwa mmeshafika, shamba la shule halijalimwa."

"Wewe mama una wazimu," alisema mwenye duka.

"Anza na ule upande wa mawe, ndugu yangu. Wewe bado una nguvu zako zote."

Wakalima. Walilaani huku wakilima, lakini mwaka ule tulivuna mahindi ambayo shule haikuwahi kuyaona.

Ngoma ilirudi kwa balozi siku hiyo hiyo. Ndipo likaja lile jambo ambalo kwangu mimi ndilo lililokuwa shule yenyewe. Tangu hapo hakuna kilichogongwa wala kupigwa kwa ajili ya Darasa la Kwanza. Mwalimu alisimama mlangoni na kutusalimu mmoja mmoja.

Asiyetoka kwetu hawezi kujua maana yake. Sisi Waha hatusalimiani mbio mbio. Unainama, unapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, unamwuliza mtu kama ameamka, kama wa nyumbani wameamka, kama mifugo imeamka, na kila swali hungojea jibu lake. Na kwa desturi mdogo ndiye huanza. Yeye alianza. Mama mzima, mtumishi wa serikali, aliinama mbele ya mtoto mwenye kamasi, akapiga makofi, akasema, "Mwakeye?" yaani umeamkaje. Kisha akashuka na orodha yote mpaka mbuzi. Kipindi cha kwanza kiliisha hivyo hivyo, na Mwalimu Mkuu alikaribia kulia.

"Mwalimu, hapa ni shule. Lugha ni Kiswahili na saa mbili ni hesabu."

"Hesabu ipo. Nawahesabu."

Alipofika kwa Spesioza hakuharakisha wala hakupunguza. "Mwakeye?" Akangoja muda ule ule ambao mtu angetumia kujibu. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba amejibiwa. "Nyumbani wameamka?" Akangoja. "Mbuzi wameamka?" Akangoja. "Vizuri. Ingia, mwanangu." Siku moja, kwa kuwa nilikuwa nyuma kwenye mstari na baridi imenipata, nilimjibia: "Wameamka, Mwalimu!" Alinigeuzia jicho. "Mheshimiwa, jibu hilo lina mwenyewe. Limeze." Nililimeza. Kesho yake akangoja tena, na wiki iliyofuata, na mvua zilikwisha akingoja, na maharage yakavunwa.

Ilipokaribia mwisho wa mwaka, Mwalimu Mkuu alisema wazi. Madawati hayatoshi. Mkaguzi atakuja kutoka Kasulu, atamwuliza kila mtoto jina lake na kumsomesha mstari mmoja, na asiyeweza hata kutaja jina ataondolewa shuleni. Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja. Shangazi yake Spesioza alipopata habari alikuja mwenyewe mlangoni.

"Nirudishie mtoto, Mwalimu. Nyumbani atalima, hakuna atakayemwita bubu. Kwa nini nisubiri aje mtu na gari kumfukuza mbele ya wenzake?"

"Kulima atalima hata akisoma, shangazi. Ardhi haihami."

"Na asipoongea?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. "Basi nitafukuzwa naye," akasema. "Lakini mpaka siku hiyo asubuhi, nitamsalimu."

Mkaguzi alikuja ndani ya Landrova, mtu mkubwa aliyevaa suti ya safari na viatu vyeusi vinavyong'aa. Mwalimu wetu alikuwa mlangoni anamalizia salamu, na karibu wote tulikuwa ndani. Mwalimu Mkuu alitaka mgeni akute shule iliyo kama shule. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa ameirudisha rimu kwenye mkaratusi. Akaigonga.

Darasa lilizama. Nami nilizama, kwa mazoea. Chini pale niliona miguu tu: vile viatu vyekundu mlangoni, na kando yake vile vyeusi vikiwa vimesimama ghafla.

"Ndugu Mwalimu," sauti nzito ikasema, "darasa lako liko wapi?"

"Lipo, Ndugu Mkaguzi. Naomba usisogee."

Upande wangu wa kulia alijikunja Spesioza. Ng'ambo yake kulikuwa na mtoto mdogo wa kiume aliyekuja juzi tu, akitetemeka mpaka dawati likagonga sakafu. Nikasikia makofi ya taratibu. Nilidhani ni Mwalimu, lakini viatu vyekundu vilikuwa bado kule kule.

"Mwakeye?"

Ilikuwa sauti ya mkwaruzo, kama bawaba isiyoonja mafuta. Spesioza alikuwa amemgeukia yule mdogo, viganja vimekunjwa kidogo. Akangoja, muda ule ule ambao mtu angetumia kujibu.

"Nyumbani wameamka?" Akangoja.

"Mbuzi wameamka?"

"Ego," mtoto akasema. Ndiyo. Dawati likaacha kugonga.

Viatu vyekundu vikaja, kisigino baada ya kisigino, bila kukimbia. Kisha goti la kitenge kipya likagusa vumbi, halafu la pili, na uso wa Mwalimu ukatokea chini ya dawati. Hakulia, wala hakupiga kelele ya furaha. Alipiga makofi yake ya kila siku.

"Na wewe, Spesioza, mwakeye? Mbuzi wameamka?"

"Wameamka wote, Mwalimu," Spesioza akasema. "Ila yule wa madoa anachechemea. Anachechemea tangu wakati wa mvua."

Kumbe mwaka mzima alikuwa na habari za mbuzi. Zikatoka zote, pale chini: aliyezaa mapacha, aliyekula kanga ya shangazi, yule mwenye pembe moja ambaye hataki kufungwa. Mkaguzi, mtu mzima na suti yake, alikuwa ameinama mpaka miwani ikamtoka. Akauliza kwa upole ambao sikuutarajia, "Jina lako nani, mama?"

"Spesioza." Akamtazama Mwalimu, kisha akamtazama mkaguzi. "Na wewe, mwakeye?"

Mkaguzi alikuwa Mha. Alipiga makofi akajibu, moja moja, mpaka mbuzi.

Mwalimu Mkuu alikuwa amefika mlangoni, kipande cha chuma bado mkononi. Mwalimu alisimama, akapangusa magoti, na ile sauti yake ya watu wazima ikarudi mahali pake. "Sasa gonga tena, Mwalimu Mkuu. Gonga nikuone."

"Hakuna haja," mkaguzi alisema. "Ndugu, kile chuma cha mkaratusi kishushwe." Kilishushwa. Tulikiweka juu ya mawe nyuma ya darasa, kikawa jiko la maharage ya hesabu.

Shangazi alikuja mbio kutoka shambani, jembe begani. Spesioza alimwona akamwambia, "Shangazi, nina njaa." Yule mwanamke mrefu alikaa juu ya jiwe la kubadilishia viatu, akacheka mpaka machozi yakamshuka, huku akisema, "Ana njaa! Mmesikia? Ana njaa!" Spesioza aliingia Darasa la Pili pamoja nasi. Miezi michache baadaye shangazi alirudi kulalamika kwamba sasa mtoto haachi kuongea, hata anapotawanya ndege mpungani.

Yohana naye alianza kulala usiku, polepole, na kirago kikarithiwa na mwingine. Wako ambao hawakupona hivyo. Wengine familia zao zilihamishwa hata hatujajua majina yao vizuri, na Mwalimu aliwataja kwa muda mrefu, akiuliza kila dereva wa lori kama kule walikopelekwa kuna mtu anayewasalimu.

Nilimwona mara ya mwisho Kasulu, sokoni, karibu na stendi. Mimi nilikuwa na mkoba wa ngozi na tiketi ya basi la Kigoma, nikielekea kwenye mkutano ambao nilidhani hauwezi kuanza bila mimi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya banda la vitenge, mzee, mwavuli magotini, masikio yamepungua nguvu. Viatu vilikuwa vyekundu. Mwenye banda alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti iliyoshinda soko zima, akimwambia mteja kwamba akitaka kitenge cha bei hiyo akakate pazia nyumbani kwake.

"Mheshimiwa!" Spesioza alipiga kelele. "Mwalimu, mtazame Mheshimiwa, ana mkoba! Siku hizi anaongea kwa kulipwa!"

Wakati huo basi langu lilipiga honi, ile honi ndefu ya kutisha abiria. Nikaona kitu kimoja. Macho ya Mwalimu hayakwenda kwenye basi. Yalikwenda kwenye mabega ya Spesioza, haraka, kama mtu anayetazama sufuria jikoni. Mabega hayakutikisika. Spesioza alipandisha tu sauti juu ya ile honi ili mteja asidhani amepata punguzo. Mwalimu akanigeukia, amejaa ushindi mpaka pomoni, kama ametoka kushinda kesi ile ile kwa mara nyingine.

"Bado unamwangalia, Mwalimu?" nikamwuliza karibu na sikio.

"Kila ikilia," alisema. "Naona raha."

Kisha akaweka mwavuli kando, akainama mbele yangu, akapiga makofi. "Mwakeye?" Nikajibu. "Nyumbani wameamka?" Nikajibu. Kondakta alikuwa akiniita, "Wewe wa mkoba!" Mlango wa basi ulifungwa. "Mbuzi wameamka?"

Sina mbuzi. Naishi ghorofa ya tatu. Yeye alikuwa anangoja.

"Wameamka wote, Mwalimu," nikasema, na basi la Kigoma likaondoka.